Ukodishaji wa Filamu za Kutazama Nyumbani Marekani, 1923–2024

Filamu ya kukodi imemfikia mtazamaji nyumbani kwake kwa njia nyingi: mkanda wa projekta, kanda ya video, diski iliyotumwa kwa posta, mashine iliyosimama mlangoni mwa duka la vyakula, na siku hizi intaneti. Anayezitazama njia hizo juu juu huona mitambo inayopokezana zamu. Chini ya mitambo kulikuwa na mvutano wa muda wote: nani mwenye haki ya kuamua kwamba filamu fulani ikodishwe, kwa bei gani na kwa siku ngapi? Ni studio iliyoitengeneza, au ni mwenye duka aliyenunua nakala yake? Nchini Marekani, penye studio kubwa kuliko zote na maduka kwa maelfu, swali hilo lilijibiwa kwa namna tofauti katika kila kipindi.

Projekta za wenye nacho, 1923–1973

Filamu za sinema za mwanzo zilichapwa kwenye mkanda wa milimita 35 wa naitreti, unaoshika moto upesi kiasi kwamba majumba mengi ya sinema yaliungua kwa ajili yake. Haukuwa kitu cha kuwekwa sebuleni. Mwaka 1923 kampuni ya Eastman Kodak ilitoa mkanda mwembamba wa milimita 16 wa asetati, usiolipuka moto hovyo, pamoja na kamera na projekta za familia. Haikupita miaka mingi kampuni hiyo ikawa na Kodascope Libraries, maktaba zilizokodisha filamu za Hollywood, nyingi zikiwa zimefupishwa. Zilikuwa filamu bubu, na wateja walikuwa watu wenye uwezo wa kununua projekta, kutundika skrini na kujifunza kuuvisha mkanda bila kuukata. Sauti ilipoingia kwenye sinema na uchumi ulipoanguka, biashara hiyo ilififia, na kabla ya Vita Kuu ya Pili kupamba moto ilikuwa imekwisha. Baadaye mikanda ya milimita 16 ilikodiwa zaidi na shule, makanisa na vilabu.

Katika miaka ya 1950 televisheni iliwazoesha Wamarekani kutazama filamu wakiwa nyumbani bila malipo, ila kwa saa iliyopangwa na kituo. Mazoea hayo ndiyo yaliyotayarisha soko la kanda.

Jaribio la kwanza la kukodisha filamu kwenye kaseti lilikuja mwaka 1972, nalo liliitwa Cartrivision. Chombo chake kilijengwa ndani ya televisheni na kiligharimu zaidi ya dola 1,000. Kaseti nyeusi zilikuwa za kununua, nyekundu za kukodi. Kaseti nyekundu ilitazamwa mara 1 tu: deki ya nyumbani haikuweza kuirudisha mwanzo, kazi iliyofanywa na muuzaji peke yake kwa mashine yake. Studio zilikubali kutoa filamu zao kwa sababu ya kufuli hiyo. Wanunuzi hawakuikubali. Wachache mno walitoa fedha zote hizo, na mwaka 1973 Cartrivision ilifungwa. Hata hivyo wazo la filamu inayojifunga baada ya kutazamwa halikufa nayo.

Filamu 50 za Fox, 1975–1980

Sony ilileta Betamax sokoni mwaka 1975. Kanda yake ya kwanza ilichukua saa 1, na hilo halikuonekana kasoro, maana deki ilikusudiwa kunasa vipindi vya televisheni ili vitazamwe baadaye. JVC ilifuata mwaka 1976 na VHS, iliyochukua saa 2, muda unaotosha filamu nzima. Tofauti hiyo ndogo ilikuja kuwa na uzito mkubwa deki zilipoanza kutumiwa kwa kazi ambayo watengenezaji hawakuifikiria. Wakati huo studio hazikufikiria kukodisha. Hofu yao ilikuwa kunakiliwa. Mwaka 1976 Universal na Disney ziliishtaki Sony zikidai kwamba deki yenyewe ni chombo cha kuvunjia hakimiliki.

Aliyefungua mlango alikuwa Andre Blay, mwenye kampuni ya kunakili kanda iliyoitwa Magnetic Video, katika mji wa Farmington Hills, Michigan. Blay aliziandikia studio kubwa akiomba ruhusa ya kuuza filamu zao kwenye kanda, na 20th Century Fox ikakubali. Kwa malipo ya awali ya dola 300,000 na dola 7.50 kwa kila kanda, mwaka 1977 alipata filamu 50, zikiwemo The Sound of Music na Patton. Aliziuza kwa dola 49.95 kila moja. Kwa Fox zilikuwa filamu za zamani zilizokwisha kuvuna fedha zake, na mkataba ule ulionekana fedha ya kuokota. Kuhusu kukodisha, mkataba haukuwa na la kusema, kwa kuwa hakuna aliyeliwaza.

Huko Los Angeles alikuwepo George Atkinson, aliyekuwa akikodisha projekta na filamu fupi za Super 8 kwa hafla. Aliposikia habari za Blay alitangaza gazetini kwamba anakodisha video, kabla hata hajapata kanda za kutosha. Mwishoni mwa 1977 alifungua kijiduka kwenye barabara ya Wilshire akiwa na zile filamu 50, nakala ya Betamax na nakala ya VHS kwa kila moja. Mteja alilipa dola 50 za uanachama wa mwaka, au dola 100 za uanachama wa maisha, kisha dola 10 kwa siku kwa kila kanda. Kwa bei hiyo kanda ya dola 50 ilijilipa ikikodiwa mara 5; zilizobaki zilikuwa faida. Ndani ya miaka michache maduka yaliyotumia jina lake, Video Station, yalifika mamia.

Studio zilipogutuka ziligundua kwamba sheria haiko upande wao. Mwaka 1908 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikuwa imeamua kesi ya mchapishaji wa vitabu wa Bobbs-Merrill, aliyepiga chapa onyo kwamba riwaya yake isiuzwe chini ya dola 1. Duka la Macy's likaiuza kwa senti 89. Mahakama ilisema kwamba mchapishaji akishauza nakala, mamlaka yake juu ya nakala hiyo yamekoma. Aliyeinunua anaweza kuiuza, kuiazima au kuigawa apendavyo, mradi asichapishe nyingine. Kanuni hiyo ya mauzo ya kwanza iliingizwa katika sheria za hakimiliki za 1909 na 1976. Kwa hiyo Atkinson hakuhitaji ruhusa ya Fox wala ya mtu mwingine, na Fox haikuwa na haki ya kudai hata senti katika dola zake 10. Biashara nzima ya kukodisha kanda ilisimama juu ya kesi ya riwaya.

Studio dhidi ya maduka, 1980–1990

Kukodisha hakukuhitaji ujuzi wala mtaji mkubwa, kwa hiyo kila mtu aliingia. Kanda zilipangwa kwenye maduka ya vyakula, vituo vya petroli, saluni. Filamu za watu wazima, ambazo wengi waliona haya kwenda kuzitazama hadharani, zilibeba sehemu nzito ya mapato ya maduka ya mwanzo, jambo ambalo historia za heshima za biashara hii hupenda kulipitia haraka.

Studio zilijaribu kurudisha mamlaka mikononi mwao. Disney mwaka 1980 na Warner mwaka 1981 zilianzisha mipango ya kutouza kanda kabisa: zingezikodisha kwa maduka, na maduka yangezikodisha kwa wateja. Wenye maduka waliasi, wengine wakazigomea kanda hizo, na mipango ikavunjika. Studio zikaenda bungeni kuomba sheria. Mwaka 1984 Bunge lilipiga marufuku kukodisha santuri za muziki bila idhini ya wenye haki, kwa sababu aliyekodi santuri alikuwa hakika anakwenda kuinakili. Wenye maduka ya video, ambao tayari walikuwa wengi katika kila jimbo la uchaguzi, walihakikisha filamu haziguswi. Mwezi Januari mwaka huohuo Mahakama ya Juu iliamua kesi ya Betamax kwa kura 5 dhidi ya 4 na kuipa Sony ushindi.

Ikabaki silaha ya bei. Kama studio haipati fungu katika kila kanda inayokodiwa, basi itachukua fungu lote mwanzoni. Filamu mpya zikawa zinauzwa kwa maduka dola 80 hadi 90 kila kanda. Matokeo yake ni kwamba familia za kawaida hazikuweza kununua, na studio zilizochukia ukodishaji ndizo zilizouimarisha. Mara chache studio ilishusha bei makusudi ili kanda inunuliwe na watu majumbani, kama Paramount ilivyofanya mwaka 1987 kwa Top Gun, iliyouzwa dola 26.95 ikiwa na tangazo la soda mwanzoni. Filamu za watoto, zinazotazamwa mara hamsini bila kuchosha, ndizo zilizofaa zaidi kuuzwa kwa njia hiyo.

Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 kanda za nyumbani ziliingizia studio fedha nyingi kuliko tiketi za sinema. Wazalishaji wadogo waliweza kupata fedha za kutengeneza filamu kwa kuahidi haki za video tu. Duka la mtaani lilikuwa pia chuo cha namna yake. Quentin Tarantino alifanya kazi katika duka la Video Archives huko Manhattan Beach, California, kabla hajaongoza filamu yoyote iliyojulikana.

Kipindi hicho kilizaa hata sheria ya faragha. Mwaka 1987 Robert Bork alipopendekezwa kuwa jaji wa Mahakama ya Juu, gazeti la Washington City Paper lilichapisha orodha ya filamu 146 ambazo familia yake ilikodi. Hapakuwa na la aibu ndani yake, lakini wabunge waliingiwa na hofu, kila mmoja akikumbuka orodha yake mwenyewe. Mwaka 1988 sheria ikapitishwa kukataza maduka kutoa kumbukumbu za wateja, na miaka mingi baadaye kampuni za mtandaoni nazo zikashtakiwa kwa sheria hiyohiyo.

Enzi ya Blockbuster, 1985–2000

David Cook alikuwa mtu wa programu za kompyuta zilizotumiwa na kampuni za mafuta. Alipofungua duka la kwanza la Blockbuster mjini Dallas, Oktoba 1985, alilijaza kanda 8,000, wakati duka la kawaida lilikuwa na mia chache. Kanda ziliwekwa wazi kwenye rafu badala ya kufichwa nyuma ya kaunta, duka liliwaka taa kama mchana, na filamu za watu wazima hazikuingia, hivyo mzazi aliweza kumwachilia mtoto azunguke. Kila kanda ilikuwa na alama za mistari zilizosomwa na kompyuta. Mali bila daftari huisha bila habari, na daftari la Cook lilijua kanda ipi iko kwa nani na imechelewa siku ngapi.

Mwaka 1987 kampuni iliingia mikononi mwa Wayne Huizenga, aliyekwisha kutajirika kwa kununua na kuunganisha kampuni ndogo za kuzoa taka. Alifanya vilevile kwa maduka ya video. Mwaka 1994 Viacom iliinunua Blockbuster kwa dola bilioni 8.4.

Tatizo kubwa la mteja lilikuwa Ijumaa jioni. Filamu mpya ilitakiwa na watu wote kwa wiki 2 au 3, kisha ikasahauliwa. Mwenye duka hakuweza kununua nakala 60 za dola 80 ili 50 zikae na vumbi mwezi uliofuata. Mwaka 1998 John Antioco, aliyeiongoza Blockbuster wakati huo, alikubaliana na studio zishushe bei ya kanda hadi dola chache tu, nazo zipate takribani asilimia 40 ya kila malipo ya kukodi. Kile ambacho studio zilikosa mahakamani na bungeni sasa zilikipata kwa mkataba. Maduka madogo hayakupewa masharti mazuri kama hayo. Wengine walishtaki, wakashindwa, wakafunga.

Kulikuwa na pato jingine lisilotangazwa. Mwaka 2000 faini za kuchelewesha ziliiingizia Blockbuster karibu dola milioni 800. Kampuni inayopata fedha nyingi hivyo kutokana na kero ya wateja wake huwa inamtengenezea mshindani nafasi, na mshindani alikwisha kufika.

Kanda upande wa Afrika Mashariki

Kanuni ya mauzo ya kwanza inahitaji nakala halali, na katika Afrika Mashariki nakala halali ndiyo iliyokuwa adimu. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi 1994, ingawa Zanzibar ilikuwa nacho tangu miaka ya mwanzo ya 1970. Kwa familia nyingi za Bara deki ilitangulia matangazo. Kanda za Kihindi, za Hong Kong na za Hollywood, nyingi zikipitia Ghuba, zilinakiliwa na kukodishwa katika maduka ya Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi. Walio wengi hawakukodi kanda bali nafasi ya kukaa: walilipa kiingilio kwenye kibanda cha video, au kibanda umiza, ambako watafsiri kama Lufufu wa Tanzania na DJ Afro wa Kenya walisimulia filamu kwa Kiswahili kwa vichekesho vyao. Nakala ya CD iliposhuka bei hadi ikakaribia bei ya kukodi, kukodi kulipoteza maana. Filamu za Bongo za miaka ya 2000 kwa hiyo zilijengwa juu ya kuuzwa, na haramia akawa mshindani wao mkuu.

Bahasha na mashine, 1997–2010

DVD iliingia Marekani mwaka 1997. Ubora wa picha ulisifiwa sana, lakini kwa biashara ya kukodisha jambo la maana lilikuwa uzito: diski nyembamba iliweza kutumwa kwa barua ya kawaida, kitu ambacho kanda haikuweza kwa gharama nafuu. Reed Hastings na Marc Randolph waliianzisha Netflix huko Scotts Valley, California, mwaka huohuo, na kuanza kupokea maagizo Aprili 1998 wakiwa na filamu 925. Mwanzoni walitoza kwa kila diski na kuweka tarehe ya kurudisha, kama duka lolote, na faida haikuonekana. Mwaka 1999 walibadili mpango: mteja analipa kwa mwezi, anaandika orodha ya filamu anazotaka, anakaa na diski hata mwaka akipenda, na akirudisha moja inatumwa inayofuata. Faini ikafutika. Jambo jingine lilifuata ambalo duka halikuliweza: kwa kuwa hapakuwa na rafu ya mbele ya kugombaniwa, filamu za zamani na za nchi za nje zilipata watazamaji.

Katika miaka hiyohiyo wazo la Cartrivision lilirudi. Duka la Circuit City lilitoa DIVX mwaka 1998, diski ya dola 4.50 iliyofanya kazi saa 48 tangu kuchezwa, kisha ikadai malipo mapya kupitia waya wa simu. Ilikufa mwaka 1999.

Mwaka 2000 wakuu wa Netflix walikwenda Dallas kuiomba Blockbuster iinunue kampuni yao kwa dola milioni 50, wakakataliwa. Kisa hicho kimesimuliwa mno kama kisa cha upumbavu, na masimulizi hayo si ya haki kabisa, kwani Netflix ilikuwa ikipoteza mamilioni na kampuni za mtandao zilikuwa zikianguka kila wiki. Blockbuster haikuudharau mtandao: mwaka huohuo ilisaini mkataba wa miaka 20 na Enron wa kupeleka filamu majumbani kwa nyaya, mkataba uliovunjika mwaka 2001, miezi kabla Enron yenyewe haijafilisika.

Baada ya Netflix, pigo la pili kwa maduka lilitoka kwenye mashine nyekundu. Redbox ilianza mwaka 2002 chini ya McDonald's, na baada ya miaka michache mashine zake zilisimama nje ya maduka ya vyakula nchi nzima, zikikodisha DVD kwa dola 1 kwa usiku. Hazikuwa na mhudumu wala kodi kubwa ya jengo. Studio ziliona dola 1 inaua soko la kuuza diski, na baadhi zikakataa kuipelekea filamu mpya. Wafanyakazi wa Redbox wakaenda kuzinunua madukani kama wateja wengine, jambo ambalo sheria haikulizuia. Mwaka 2010 pande hizo zilipatana kwamba filamu za baadhi ya studio zikae siku 28 kabla ya kufika kwenye mashine.

Kwa miaka kama mitano, basi, Mmarekani alikuwa na njia tatu sokoni kwa wakati mmoja. Duka lilimpa filamu usiku uleule na nafasi ya kuchagua kwa macho, kwa bei kubwa na hatari ya faini. Posta ilimpa filamu zote za dunia, mradi asiwe na haraka. Mashine ilimpa filamu mpya chache kwa bei ya soda. Blockbuster iliingia kwenye posta mwaka 2004 na kuachana na faini mwaka 2005, ikiwa imebebeshwa deni kubwa ilipotengwa na Viacom. Septemba 2010 ilifilisika.

Mamlaka yarudi studio, 2007–2024

Januari 2007 Netflix iliruhusu wateja kutazama takribani filamu 1,000 kwenye kompyuta bila diski. Mwaka uliofuata Apple ilianza kukodisha filamu kwa iTunes: mteja alipewa siku 30 za kuanza kuitazama na, akishaanza, saa 24 za kuimaliza. Kufuli iliyokataliwa mwaka 1973 na tena mwaka 1999 sasa ilikubaliwa bila malalamiko, kwa sababu hapakuwa na kitu cha kurudisha wala mashine mpya ya kununua.

Badiliko la kisheria lilikuwa zito kuliko la mitambo. Filamu inayotiririka mtandaoni haina nakala inayouzwa, na pasipo mauzo kanuni ya 1908 haina pa kushika. Mwaka 2011 kampuni ya Zediva ya California iliijaribu: ilinunua DVD halali na kuziweka kwenye deki zake yenyewe, kisha ikamkodisha mteja deki na diski kwa mbali, picha zikimfikia kwa intaneti. Diski moja, mteja mmoja, kama kwa Atkinson. Mahakama ilisema huko ni kuonyesha filamu hadharani bila leseni, na Zediva ikafungwa.

Netflix nayo iliionja upesi hali hiyo ya kutegemea leseni. Mkataba wake na kituo cha Starz ulipokwisha mwanzoni mwa 2012, filamu nyingi za Disney zilitoweka kwenye huduma yake kwa siku moja, ingawa DVD zake za filamu zilezile zilibaki ghalani na ziliendelea kutumwa kwa posta. Kampuni ikaona usalama uko katika kumiliki filamu, na kuanzia 2013 ikamimina fedha katika kazi zake yenyewe. Januari 2016 ilifunguliwa katika nchi zaidi ya 130 kwa mara moja, Kenya na Tanzania zikiwemo. Studio nazo zilijenga huduma zao za kulipia kwa mwezi na kuzuia humo filamu ambazo zamani duka lolote lingezikodisha bega kwa bega. Wakati wa Uviko mwaka 2020 Universal ilipeleka Trolls World Tour majumbani moja kwa moja kwa dola 19.99 kwa saa 48, na kupata karibu dola milioni 100 ndani ya wiki 3.

Netflix ilituma diski zake za mwisho tarehe 29 Septemba 2023, baada ya kutuma zaidi ya bilioni 5. Redbox ilifilisika mwaka 2024 na kuacha mashine takribani 24,000 zimesimama nje ya maduka, wenye maduka wakitafuta wa kuziondoa. Yamebaki maduka ya hapa na pale, Blockbuster moja katika mji wa Bend, Oregon, na Scarecrow Video ya Seattle, iliyogeuzwa shirika lisilo la faida mwaka 2014. Scarecrow ina filamu zaidi ya 140,000, nyingi zikiwa hazipatikani kwenye huduma yoyote ya mtandaoni, na huzikodisha hata kwa posta bila kuiomba studio yoyote leseni.